Siku Tuliyokosa Taka

Kasulo tunajua kupokea mgeni. Akija padri tunafagia, akija mkaguzi wa shule tunafagia, na binti wa jirani akiposwa tunafagia mpaka njia ambayo wakwe hawatapita. Ndiyo maana siku ile wageni wa taka walipokuja tulifanya kosa ambalo sidhani kama kuna kijiji kingine kingeliweza. Tuliwafagilia zile taka zenyewe walizokuja kuzitazama.

Wageni wa taka ni jina tulilowapa wenyewe, hapo mgahawani kwangu, njia inaposhuka kuingia kitongojini kwetu ukishaiacha barabara ya malori. Majina yao rasmi yalikuwa marefu. Kulikuwa na chuo kikuu, kulikuwa na halmashauri ya wilaya, na kulikuwa na kampuni ya Mwanza. Wote watatu walikuwa wamekubaliana kufanya jambo moja: chuo kilete utaalamu, halmashauri itoe eneo na kibali, kampuni ilete mtambo wa kugeuza maganda ya ndizi na ya kahawa yawe mkaa wa kupikia, ili milima yetu ipumzike kukatwa.

Na milima yetu ina haki ya kuchoka. Mtu wa umri wangu anaikumbuka milima ya Lukole kabla ya kambi za wakimbizi, na anaikumbuka baadaye. Watu walikuja laki kwa laki, kila familia na chungu chake, na kila chungu kinataka kuni. Hapo utamlaumu nani? Miti iliisha. Tangu wakati ule ukimwona mwanamke katoka alfajiri na panga na kamba, jua kwamba watoto wake watakunywa uji mchana.

Aliyeileta habari ya mtambo kwetu ni Consolatha. Mwili wake mwembamba, sauti yake ya kuita ng'ambo ya bonde, na ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama. Alizaliwa hukohuko Lukole kambini, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi, na kazi yake ya kwanza hapa duniani ilikuwa kubeba kuni. Pengine ndiyo maana akazichukia. Alianza peke yake kukausha maganda, anayachoma ndani ya pipa lililofunikwa ili yawe meusi yasiwe majivu, anayatwanga, anachanganya na uji wa muhogo, anafinyanga madonge kwa mikono. Watu walimcheka. Walisema Consolatha amerudia utoto, anapika matope, na kwamba mume wake akipiga chafya anatoa masizi. Mimi nilijaribu donge moja chini ya sufuria ya maharage, halafu sikurudi tena kwenye kuni.

Lakini mikono ni mikono. Mvua ikinyesha wiki nzima kazi yote inarudi kuwa uji. Basi Consolatha akaanza kupanda Ngara mjini, kwenye ofisi za halmashauri, mpaka mlinzi wa getini akawa anamtambua kwa mwendo. Huko ndiko alikokutana na Dokta Irine wa chuo kikuu, mama mmoja mcheshi anayeuliza maswali kama anakutafutia mchumba, na Dokta Irine ndiye aliyelitaja jina la Kasulo kwa watu wa kampuni.

Sasa mtambo ulikuwa mmoja na walioutaka walikuwa wawili: sisi, na wenzetu wa Biharamulo. Wenzetu wana kinu cha kukoboa chenye mlima wa pumba unaouona ukiwa bado ndani ya basi. Sisi tulikuwa na Consolatha. Bwana Anold, ambaye kampuni ilimtuma aamue, alisema maneno ya wasomi ameyasikia, yeye anataka kuona kwa macho yake kama malighafi ipo. Wangelala Ngara, asubuhi waje kwetu wapime taka, jioni waende Biharamulo.

Consolatha akatuitisha kikao. Alitueleza polepole, kama unavyomweleza mtu njia ya hospitali. Siku hiyo msifagie, alisema. Msichome, msifukie, msizoe. Ganda likianguka liacheni hapohapo lilipoangukia. Tukaitikia wote. Hata wale ambao hawakubaliani hata kuhusu siku ya soko, siku ile walikubaliana. Kesho yake akaondoka kwenda mjini kuwapokea wageni, akatuachia kitongoji kikiwa kichafu kama alivyotaka.

Wa kwanza kushika ufagio alikuwa Domisiana, anayepika pombe ya ndizi. Alisema baadaye kwamba alijihesabia haki: kitongoji kizima kina maganda, haya yake yakikosekana nani atajua? Jirani yake akamwona. Akajiuliza, Dokta akipita aone kwa Domisiana kunang'aa na kwangu kama zizi? Naye akafagia. Wa tatu akafagia kwa sababu ya wa pili. Halafu Mzee Audax, mwenyekiti wa kitongoji, akapigiwa simu kwamba katika msafara atakuwemo Afisa Mazingira wa wilaya, na Mzee Audax akisikia neno afisa mkono wake hutafuta ufagio wenyewe. Watu walipomwona mwenyekiti anafagia, nani angebaki amekaa? Asubuhi ilipofika hata mawe ya pembeni mwa njia yalikuwa yamepakwa chokaa. Mimi nilifagia mgahawa, lakini mgahawa ni mgahawa.

Sasa taka zilikwenda wapi? Kwetu kuna jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Nyuma ya mibuni ya Nzeyimana kuna korongo lililochimbwa na mvua. Kutupa taka humo ni marufuku, kwa sababu maji yake yanashuka hadi kwenye kijito tunachochota. Halmashauri iliweka kibao. Kibao kipo, kimesimama, na mbele ya kibao hakuna hata jani. Ni nyuma yake ndiko tulikokuwa tukimwaga, miaka nenda miaka rudi, kila mtu kwa wakati wake, na ukikutana na mwenzako njiani akiwa na tenga mnasalimiana kuhusu mvua. Aliyewahi kukamatwa ni Nzeyimana tu, akatozwa faini, na mpaka leo ukimpa nafasi atakusimulia. Aliyemtoza ni huyohuyo Afisa Mazingira, Danstan.

Gari la wageni lilifika jua likiwa bado la asubuhi. Consolatha alishuka wa kwanza, amevaa kitenge chake cha kwendea kwa wakubwa, anacheka na kitu alichoambiwa ndani ya gari. Akaangalia huku. Akaangalia kule. Kicheko kikafa kidogokidogo, kama jiko lililomwagiwa maji pembeni.

Dokta Irine alimwamkia Mzee Audax shikamoo, mzee akaitikia marahaba kwa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Dokta alikuwa na mizani mkononi na turubai kwapani. Akauliza:

"Mzee wetu, taka ziko wapi?"

"Dokta, hapa hutaona hata jani," Mzee Audax akasema. "Tumejitahidi."

Bwana Anold alicheka, siyo kwa ubaya. Alisema yeye anatembea nchi nzima akisikia watu wanasema kwao kuna taka nyingi, leo ndiyo mara ya kwanza kusafiri kutoka Mwanza kuja kuona uchafu akaoneshwa chokaa. Halafu akatazama saa.

Consolatha alinisogelea. Alininong'oneza kwa ile sauti yake ambayo kunong'ona kwake ni kuongea kwa wengine, akaniuliza wamezipeleka wapi. Sikujibu kwa mdomo. Niliuchongoa tu kuelekea kwenye mibuni ya Nzeyimana. Akaelewa. Akageuka kutaka kusema, macho yake yakakutana na Danstan aliyekuwa amesimama pale na kile kitabu chake cha faini kwenye mfuko wa shati, akafunga mdomo.

Basi ndipo tulipokuwa. Malighafi ipo, tele, hatua chache tu kutoka tulipokuwa tumesimama. Lakini ukiionesha umejifunga mwenyewe, na umewafunga na jirani zako. Usipoionesha, mtambo unakwenda Biharamulo jioni ileile, na Consolatha anarudi kwenye pipa lake.

Mimi nikifika mahali nisipoona njia, huwa napakua chakula. Nikasema wageni hawaondoki kwangu na njaa, nikawavuta ndani. Na wageni wakiingia kwangu, kitongoji chote kinaingia. Benchi zikajaa, mlango ukajaa, dirishani vichwa vikapangana kama nyanya sokoni. Ndizi zilikuwa zimeiva kwa maharage, na mbuzi wa Mzee Audax, aliyechinjwa kwa heshima ya usafi wetu. Watu walikula, lakini ulikuwa ulaji wa msibani. Kila aliyemwona Danstan anamega tonge aliangalia ule mfuko wa shati.

Bwana Anold aliona jiko langu halitoi moshi. Akainuka na sahani yake, akachuchumaa, akachukua donge la mkaa ambalo halijawashwa, akaligongagonga kwa kucha. Akauliza nani katengeneza. Nyumba nzima ikamwonesha Consolatha.

"Mama, mkaa ni mzuri, hatubishani," alimwambia. "Lakini mtambo ule unakula kama tembo. Nikiuweka hapa ukalala njaa, nitajibu nini?"

Dokta Irine hakukata tamaa mapema. Alisema sawa, taka hazionekani leo, basi tuulize watu wanatupa kiasi gani siku za kawaida. Akamwanza Domisiana, mpika pombe. Domisiana akajibu kwamba yeye hatupi kitu, maganda yote yanaliwa na mbuzi wake. Watu wakaangalia sahani zao. Domisiana hana mbuzi, hajawahi kuwa na mbuzi, na mbuzi wa jirani akikatiza uani kwake anamfukuza kwa mwiko. Dokta akamgeukia Nzeyimana kuhusu maganda ya kahawa. Nzeyimana akasema kahawa yake ya mwaka huu haikuwa na maganda mengi. Hapo hata Dokta alimtazama. Akamfuata mwingine, akaambiwa mbuzi, mwingine, mbuzi. Kwa hesabu ya mchana ule Kasulo ilikuwa na mbuzi wengi kuliko watu.

Bwana Anold akanawa mikono. Akashukuru kwa chakula, akasema kwa kweli amekula vizuri, na kwamba wasipoondoka wataingia Biharamulo giza limetanda. Dokta Irine akaanza kukunja turubai. Alikuwa analikunja taratibu sana, kona kwa kona, kama anayesubiri mtu amwambie aache.

Consolatha akasimama.

"Afisa," alimwita Danstan. "Faini ya korongo bado ipo?"

Danstan akaacha kutafuna. Akasema ipo.

"Anatozwa nani?"

"Aliyetupa."

Hakuuliza tena. Alikwenda jikoni kwangu, akachukua tenga ninalobebea ndizi, akajifunga kanga kiunoni juu ya kile kitenge cha kwa wakubwa, akatoka. Nilisikia maharage yanachemka. Mzee Audax alikohoa, akaomba maji, akapewa, hakunywa.

Aliporudi tenga lilikuwa kichwani, limejaa hadi juu, na maji meusi yalikuwa yanamtiririka shavuni mpaka kwenye kola. Harufu ilitangulia kuingia. Alimpokonya Dokta Irine turubai, akalitandaza pale nje mlangoni, akamwaga.

"Hizi ni zangu," akasema. "Andika."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoliacha jiko langu nikatoka mlangoni. Kwa sababu katika kitongoji chote, mtu mmoja tu hakuwahi kutupa hata ganda moja kwenye lile korongo, na ndiye huyo. Angetupa nini? Maganda yake anayachoma yawe mkaa, na akikosa anakuja kuomba yetu. Kila mtu pale alijua. Danstan akatoa kitabu, akafungua kalamu, akamuuliza jina, ingawa alikuwa amekuja naye kwenye gari moja. Naye akaanza kulitaja, jina la kwanza, la baba.

"Afisa, usiandike. Huyo ni mwongo."

Alikuwa Domisiana, amesimama juu ya benchi ili aonekane.

Alisema, tena kwa hasira kana kwamba ameibiwa, kwamba yale maganda ni ya ndizi mbivu za pombe, na Consolatha hajapika pombe tangu azaliwe. Ni yake. Ayaandike kwake. Na kama Afisa anataka kuona mengine, kule chini yapo zaidi, atayaleta mwenyewe. Akashuka kwenye benchi, akamnyang'anya mtu toroli hapo nje, akaenda nalo linalia gurudumu.

Nzeyimana akasema kama ni hivyo, na yeye maganda ya kahawa ni yake, lakini faini yake alishailipa siku nyingi kabla ya wote, kwa hiyo hapa anahesabika ametangulia. Watu wakaanza kucheka. Mzee Audax akasimama, akavua koti lake la mwenyekiti, akalikunja vizuri juu ya meza yangu. Alimwambia Danstan kwamba kibao cha halmashauri aliisimamisha yeye nguzo yake, na wiki ileile alipita nyuma yake na kiroba. Halafu akauliza kama kuna mwenye tenga la ziada.

Baada ya hapo sikuweza tena kujua nani kaingia nani katoka. Watu walikuwa wanapishana kwenye kile kinjia na matenga, viroba, beseni, shuka zilizofungwa pembe nne. Anayepanda anamtania anayeshuka, mbona wewe umeleta kidogo, nyingine umemfichia nani? Kila anayemwaga anasema kwa sauti ni zake, wengine wanagombania, mama mmoja alimshtaki shemeji yake kwamba amebeba maganda ya kwake na kujisifia. Dokta Irine alifunga mizani kwenye tawi la mparachichi wangu, akawa anataja uzito kwa sauti ya mnada, na kila akitaja watu wanashangilia. Alikuwa anachambua huku anaimba: haya makavu ya juu ni ya mtambo, haya yaliyooza ni mbolea, yarudi kwenye mibuni, na hii mifuko ya plastiki aliyeileta aje aione aibu yake.

Danstan alibaki amesimama na kalamu hewani. Foleni ya wanaojitaja ilikuwa inazunguka nyumba. Mwishowe akasema:

"Sheria yetu ndogo inamtaja anayetupa. Anayezoa haijamtaja."

Akafunga kitabu. Akaongeza kwamba atarudi, tena bila kupiga simu kwa mwenyekiti, na atakayemkuta amerudisha hata jani moja mle ndani atajuta. Lakini alikuwa anakunja mikono ya shati huku anayasema, na kiroba kilichofuata alikipokea yeye.

Tukamtafuta bwana Anold hatukumwona. Tukadhani ameondoka, gari lilikuwepo. Tukamkuta korongoni. Alikuwa ameshuka kuona mwenyewe, na alikuwa amezama mpaka magotini, ameshika fimbo ndefu anaichomeka, inakwenda, anaichomeka, inakwenda. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa mtoto wa kwanza. Tulimvuta kwa kamba ya kufungia ng'ombe. Kiatu kimoja kilibaki.

Alipofika juu aliomba simu yake, mikono yake yote ikiwa myeusi, Dokta Irine akamshikia sikioni. Alizungumza na mtu wa Biharamulo. Alimsalimu, akamuulizia nyumbani, akamwambia kwamba leo hawatafika.

Consolatha alikuwa nyuma yake na tenga.

"Leo tu?" akamuuliza.

Bwana Anold akageuka. "Mama, nimezama mpaka magotini na sijagusa chini. Nioneshe eneo la kuweka mtambo."

Sauti yote ile ya kuita ng'ambo, siku hiyo ilikwenda wapi sijui. Consolatha alifungua mdomo, kikatoka kitu kama kwikwi. Tenga likamdondoka. Domisiana akamkumbatia na taka zake zote, wakabaki wananuka pamoja, na Mzee Audax ndiye akajibu kwa niaba kwamba eneo lipo, lile la juu ya josho la zamani, kijiji kimeshakubali na halmashauri inajua. Danstan akasema kweli, inajua, kibali atakifuata yeye.

Wakati tunaanza kupanda kwenda huko ndipo tukasikia kelele za ng'ambo. Kitongoji cha pili kilikuwa kimepata habari. Habari kwetu hazihitaji gari. Walikuwa wanashuka wengi, akina mama mbele na matenga matupu kichwani, na aliyewaongoza, Clotilda, mwanamke ninayemfahamu kwa majivuno, alikuja moja kwa moja hadi kwa bwana Anold, akamtazama miguu, akalitazama korongo letu, akabetua midomo.

"Baba, hilo ni la watoto," alisema. "Njoo uone letu."

Bwana Anold aliangalia kule kilikozama kiatu. Akavua na kile kingine, akampa Danstan amshikie, akamfuata.